Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wetu: kinyama cha kipimo cha mdogo wangu kimeoza, tunaambiwa akatwe tena

Mheshimiwa Daktari, shikamoo.

Nakuandikia huku mtandaoni kwa sababu ofisini kwako barua nimeshaacha, na katibu wako ameshanizoea mpaka ananikaribisha chai, ila jibu ndo hakuna. Najua una majukumu mengi, ya kukata utepe yakiwemo.

Ishu ni mdogo wangu. Alianza na kauvimbe mbele ya sikio la kushoto, kadogo, hata hakaumi. Zahanati wakasema matubwitubwi, mtu mzima na ndevu zake, matubwitubwi ya upande mmoja yasiyoisha! Kwingine wakasema jino, akang'olewa jino zima kabisa, uvimbe ukabaki pale pale. Amoksilini kameza mpaka basi. Halafu uso ukaanza kulegea upande ule, jicho halifumbi, akinywa chai inachuruzika pembeni ya mdomo, tukaambiwa kiharusi akaanzishiwa dawa za presha na presha yenyewe hana. Mtaani nao wakaja na yao, karogwa.

Mpaka alipopatikana daktari mmoja kijana wa masikio, pua na koo. Akambonyeza pale, akamwambia fumba macho, kunja paji, jaza upepo mashavuni, cheka. Dakika mbili tu. Akasema mshipa wa fahamu unaoendesha uso unapita katikati ya tezi ya mate iliyo hapo mbele ya sikio, uvimbe wa kawaida mara nyingi unausukuma tu pembeni, ukiona uso umelegea hapo hofia saratani.

Yeye ndo alituelewesha kwamba uvimbe wa hizi tezi ni wa nadra, na wa hapo mbele ya sikio kama 4 kati ya 5 siyo saratani, nadhani ndo maana watu wanaupuuza. Ila ikiwa saratani kuna aina zaidi ya 20, na kwa macho huzitofautishi. Kuna inayotambaa taratibu kwa kufuata mishipa ya fahamu, inatolewa, inakaa kimya miaka hata 10 halafu inakuja kuibukia kwenye mapafu. Utrasaundi inakuonyesha uvimbe ulipo, haikwambii jina lake. Jina linatoka kwenye kinyama, chini ya darubini. Ocean Road, ile hospitali ya saratani Dar, hawawezi kukupiga mionzi kwa kubahatisha bila karatasi ya patholojia, na wana haki.

Basi kinyama kikatolewa kwa sindano nene, vipande vyembamba kama tambi. Nilikuwepo. Nesi kauliza fomalini, ile dawa ya kuhifadhia kinyama kisioze, fomalini imeisha. Wakavitia kwenye kichupa cha dawa, wakajazia maji ya dripu, juu plasta yenye jina la peni, maji yakamwagikia jina likabaki doa la bluu. Kichupa kikakaa kinasubiri gari la sampuli, gari nasikia linasubiri boksi lijae, wengine wanasema mafuta, labda vyote viwili, mi sijui. Wiki iliyopita ndo majibu yakaja: sampuli imeoza, haisomeki, mgonjwa arudi akatwe tena.

Akatwe tena, pale pale penye mshipa wa uso, kana kwamba anaenda kunyoa.

Mheshimiwa, siku ile ya kupokea mashine ya CT ulishika maiki ukatuahidi mgonjwa wa mkoa huu hatasafiri tena kufuata vipimo. Tulipiga makofi sana. Na kweli hasafiri, kinachosafiri ni kinyama, nacho kinaozea njiani.

Sisi huku randa yake ya umeme imeuzwa, yeye ni seremala, na mimi genge nimefunga kwa sababu mtaji umeishia kwenye nauli na vipimo, na hela ya vikoba nadaiwa. Usiku analia maumivu yanakwenda mpaka sikioni, watoto wake wananiuliza mimi kama vile mimi ndo daktari.

Nilitaka kukuomba mtaalamu wa patholojia kwenye mkoa, nikuombe na gari la sampuli lenye ratiba, nikuombe zahanati wafundishwe kwamba uvimbe wa tezi usiopona siyo jino. Yaache hayo. Naomba fomalini. Mochwari ya hospitali hiyo hiyo ipo, nimeuliza, maiti wanahifadhiwa vizuri tu, aliye hai ndo kakosa. Na yule daktari kijana ameniambia ya kuhifadhia kinyama ni hiyo hiyo, sehemu 1 unachanganya na sehemu 9 za maji.

Mdogo wangu anarudi kukatwa Jumanne. Fomalini iwepo. Jina liandikwe kwa maka isiyofutika. Gari liondoke siku hiyo hiyo hata kama boksi lina kichupa kimoja, na kama shida ni mafuta nitumie bei, nitakopa tena vikoba.

Ni mimi, dada wa mgonjwa, yule wa kwenye benchi nje ya ofisi yako.