Barua kwa mwanangu anayekwenda kuzungumza na wakulima

Mafinga

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo huku, mvua zimeanza na baba yako hakamatiki, yuko shambani tangu alfajiri.

Hotuba uliyonitumia nimeisoma yote. Kurasa sita za ukungu wa viazi mviringo! Ingekuwa mtihani, ungefaulu. Ila Jumamosi unakwenda kuzungumza na wakulima wa Njombe walioacha palizi ili waje kukusikiliza wewe.

Ukurasa wa kwanza ni majina ya wakubwa matupu. Sema itifaki imezingatiwa, wape salamu yao ya kamwene, kisha nyanyua jani. Ndiyo, jani. Asubuhi hiyo chuma moja lenye ugonjwa, ligeuze wauone ule utando mweupe chini ya baka jeusi, halafu uliza nani amekutana nao shambani kwake. Ukishauliza, nyamaza. Hapo ndipo vijana wengi mnaposhindwa, mnauliza na kujijibu wenyewe. Vumilia. Mzee mmoja atakohoa, ataanza kusimulia, na kuanzia hapo mkutano ni wao. (Jani lenyewe lifunge vizuri kwenye gazeti na ukimaliza ulifukie, usije ukawa wewe uliyewapelekea ugonjwa.)

Lile jina la kitaalamu, Phytophthora infestans, liache hukohuko chuoni. Wao waambie baridi na unyevu ndivyo vinavyoupa ugonjwa nguvu, na kwamba ukisubiri majani yaungue ndipo ubebe bomba la dawa, umeshachelewa.

Mwalimu Nyerere alipotangaza vita na Idi Amin mwaka 1978 alikuwa na mengi ya kueleza kuhusu Kagera na mpaka. Muulize bibi yako anakumbuka nini. Atakutajia uwezo, sababu na nia, basi. Vilikuwa vitatu, vifupi, na kila kimoja kiliishia kwa mlio uleule, tunao, tunayo, hata asiyejua kusoma aliondoka navyo kichwani.

Na wewe neno lako lipo, sema umelificha. Nimelikuta chini kabisa ya ukurasa wa tano: kagua shamba kila mvua inapokatika. Lipandishe juu. Anza nalo, lirudie katikati, na wakianza kuinuka litamke tena. Zile takwimu za mavuno chagua moja, nyingine zisubiri maswali.

Kipaza sauti usikipigepige, na usisome ukiwa umeinamia karatasi. Hakuna anayemsikiliza mtu anayeonyesha utosi. Ijumaa usiku nipigie unieleze yote bila kusoma. Nitakapopotea nitakukatiza, na hapo ndipo na wao wangepotea. Usizidishe nusu saa, maana siku hizi mvua inashuka mchana na watu watakuwa wanatazama mawingu.

Nauli nimekutumia kwenye simu. Chukua na koti, Njombe unaijua.

Mama yako