Risala ya Kamati ya Malezi na Ulinzi wa Mtoto kwa Mgeni Rasmi katika Siku ya Wazazi

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wetu wapendwa,

Kwa niaba ya kamati yetu ya walimu, wazazi na wanafunzi, tunakushukuru kwa dhati kwa kuitikia mwaliko wetu. Habari za taaluma na michezo zitaelezwa na wenzetu. Sisi tumeomba nafasi hii tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni uonevu baina ya watoto wenyewe, na namna ya kumsaidia mtoto autambue na ajue la kufanya unapompata yeye au mwenzake.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulipoanza kazi hii tulidhani watoto wananyamaza kwa woga. Woga upo, lakini tuligundua kuwa wengi hawana jina la kuliita jambo linalowasibu. Anayeitwa kila siku kwa kasoro ya mwili wake husema "wananitania", na anayefichiwa madaftari kila wiki husema "tunacheza". Kwa hiyo tumeanza kwa kuwafundisha kutofautisha utani, ugomvi na uonevu. Utani huwachekesha wote wawili, na anayetaniwa akisema basi, mwenzake huacha. Ugomvi huwa kati ya watu wanaokaribiana nguvu. Uonevu una alama tatu, alizozieleza mtafiti Dan Olweus, aliyeanza kuuchunguza katika shule za Skandinavia miaka ya 1970: hufanywa kwa kukusudia, hurudiwarudiwa, na anayeufanya humzidi nguvu anayefanyiwa, iwe nguvu ya mwili, ya umri au ya kundi linalomfuata.

Nguvu hiyo ya kundi tunaisisitiza, kwa sababu watu wazima wengi bado hutafuta alama za kipigo ndipo waamini. Msichana ambaye darasa zima limekubaliana kutomsemesha hana jeraha la kuonyesha, na mvulana ambaye picha yake imeandikwa kejeli na kusambazwa kwenye simu hufuatwa na uonevu huo mpaka kitandani. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba, duniani, karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alionewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi mmoja.

Lipo jambo ambalo sisi wazazi na walimu hatuna budi kulikiri mbele yako. Mtoto anapojikaza kusema, mara nyingi hujibiwa "na wewe mrudishie", au "achana nao, watachoka wenyewe". Jibu la kwanza linamtuma akapigane na aliyemzidi nguvu, na la pili linamfunza kwamba kusema hakuna faida. Mtoto aliyejifunza hivyo harudi mara ya pili. Wengine tumewaita wachongezi. Sasa tunawaeleza watoto kwamba mchongezi hutaka mwenzake aadhibiwe, ilhali anayetoa taarifa anataka mtu asiendelee kuumizwa. Tunawafundisha kusema "acha, sitaki" kwa sauti thabiti, kuondoka na kuelekea walipo watu, kutojibu ujumbe wa matusi bali kuuhifadhi kama ushahidi, kisha kumweleza mtu mzima wanayemwamini, na wa kwanza asiposikia, kumweleza wa pili.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumaini letu kubwa liko kwa watoto wanaotazama. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2001, ambamo watoto walirekodiwa kwa kamera wakiwa shuleni, watoto wengine walikuwapo katika karibu matukio tisa kati ya kumi ya uonevu. Ni wachache walioingilia kati, lakini walipofanya hivyo, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Hatuwatumi watoto wakapambane na mwonevu. Tunawaomba wasicheke, wasisambaze picha, wamwite aliyeonewa waondoke naye, na kesho yake wakae karibu naye. Mwanafunzi mmoja alituambia kwamba hakumbuki tena maneno aliyotukanwa, ila anamkumbuka aliyemsogezea kiti.

Anayeonea naye ni mtoto wetu, na pengine yeye mwenyewe anaonewa mahali pengine. Tunakemea kitendo bila kumbandika jina, naye hutakiwa kurekebisha alichokiharibu. Hata hivyo, tumeacha ule utaratibu wa kuwapeleka wote wawili mbele ya darasa wapeane mikono, kwa kuwa aliyeonewa hulazimika kusamehe huku bado anatetemeka.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi mawili. La kwanza ni utusaidie kupata mafunzo ya unasihi kwa walimu wetu, kwani wanaoifanya kazi hiyo sasa wanaongozwa na huruma yao tu. La pili ni chumba. Kwa sasa mtoto mwenye shida huhojiwa katika ofisi ya walimu, penye watu wanaoingia na kutoka, na dirisha lake linatazama uwanja ambao waliomwonea wanachezea. Chumba kidogo chenye mlango unaofungwa na viti viwili kitatutosha kuanzia.

Tunaomba kuwasilisha.