Mgonjwa akisema dawa imemkataa, maelezo yake yaandikwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji aliyeandika hivi karibuni kwamba wagonjwa wanaodai dawa "imewakataa" ni watu wa visingizio, na kwamba wahudumu wa afya wasipoteze muda kuwasikiliza. Nimekaa nyuma ya dirisha la dawa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa muda mrefu nilikuwa na mawazo kama yake, hadi nilipokutana na mama mmoja muuza samaki.

Mama huyo alikuwa ameanzishiwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, enzi zile ambapo karibu kila mtu mzima alipewa kidonge cha usiku chenye miligramu 600 za efavirenzi. Aliporudi kuchukua dawa za mwezi wa pili alikuja akishika ukuta. Alieleza kwamba akimeza kidonge saa tatu usiku, alfajiri anapokwenda ufukweni kungoja ngalawa bado mchanga unayumba chini ya miguu yake, na ndoto za usiku zinamfuata mpaka mchana. Nikamwambia hayo ni maudhi madogo madogo, atazoea, mbona jirani yake anameza hicho hicho na yuko kazini. Akanijibu, "Mwanangu, jirani ana damu yake, na mimi nina yangu." Sikuandika neno lolote kwenye faili lake. Mwezi wa tatu hakuja.

Baadaye nilijifunza kwamba alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi, ingawa tofauti yenyewe haikuwa katika damu bali katika ini. Efavirenzi huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, ambacho utendaji wake unategemea kinasaba kiitwacho CYP2B6. Mtu aliyerithi nakala dhaifu ya kinasaba hicho kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama huivunja dawa polepole sana, kwa hiyo kidonge cha leo hukikuta cha jana bado kimo mwilini, na kiwango cha dawa katika damu yake huweza kufika mara kadhaa ya kile cha jirani. Nakala hiyo dhaifu si adimu kwetu. Watafiti waliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia walikuta kwamba, kwa dozi ile ile, Watanzania walikuwa na dawa nyingi zaidi katika damu. Basi hata neno "Mwafrika" halitoshi kumweleza daktari mgonjwa atakavyoipokea dawa. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa kimataifa yaliyoonyesha kwamba miligramu 400 zilitosha kuvidhibiti virusi. Siku hizi dawa nyingine ya virusi, dolutegraviri, imechukua nafasi ya kwanza, na simulizi za ndoto zimepungua, lakini jambo lenyewe halikuondoka na efavirenzi.

Ethiopia yenyewe ina kisa chake. Kodeini, dawa ya maumivu na ya kikohozi, hufanya kazi baada ya ini kuigeuza kuwa mofini, na wapo watu ambao vinasaba vyao huigeuza haraka mno, kiasi kwamba dozi ya kawaida huweza kuwapunguzia pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 uliwakuta asilimia 29 ya Waethiopia waliopimwa wakiwa na nakala za ziada za kinasaba kinachohusika, na mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikapiga marufuku kodeini. Hawakusema raia wao wana visingizio.

Kwetu sisi wa ukanda wa malaria ningetaja zaidi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu za damu. Kinasaba chake kiko kwenye kromosomu ya X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja tu, hivyo mama aweza kukibeba bila dalili yoyote na mtoto wake wa kiume ndiye akaumia. Upungufu huo umeenea hasa palipo na malaria kwa sababu unampa aliye nao kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Mtu kama huyo akimeza dapsoni (dawa ya ukoma), au primakwini (dawa ya malaria) kwa dozi kamili ya siku nyingi, chembe zake huweza kupasuka, macho yakawa manjano na mkojo ukatoka mweusi kama chai ya mkandaa. Wenye umri wangu wanaikumbuka Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsoni ndani yake. Iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu hiyo hiyo.

Simhimizi mgonjwa yeyote aache dawa kwa uamuzi wake, maana kuacha dawa za virusi au za kifua kikuu kiholela ni hatari kuliko kizunguzungu. Wala siombi kila zahanati iwe na mashine ya kusoma vinasaba, kwa kuwa najua zahanati ambazo hata mizani inaazimwa. Ninachoomba ni kwamba mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa neno "utazoea" kabla hajaulizwa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa, nami nakiri kwamba katika sehemu nilizofanya kazi fomu hizo zilikuwa zikifungiwa kabatini hadi wakaguzi waje.

Yule mama nilimkuta sokoni zaidi ya mwaka mmoja baadaye, mzima, akipara changu. Kliniki nyingine ilikuwa imembadilishia dawa baada ya muuguzi kuandika maelezo yake. Nilimwomba anionyeshe kadi. Muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu juu ya jalada: jina la dawa, tarehe ilipoanza, na kilichomtokea.

Mfamasia mstaafu,
Tanga