Barua kwa Mama Nasra: kazi za mashirika huku Kigoma

Kasulu, Kigoma

Shoga yangu Mama Nasra,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Sisi wazima, isipokuwa watoto wana mafua, maana baridi ya Kasulu haina adabu. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, mpaka pale Nasra anapoingilia kati akidai biskuti. Hongereni kwa uhamisho wa Baba Nasra. Najua umeupokea nusu kicheko nusu kilio, lakini Kibondo kunakalika, na asali yake utaisifia mwenyewe.

Sasa nije kwenye swali lako. Umesikia huku mashirika ya misaada yamejaa, na unataka nikutafutie nafasi kabla hujafunga virago Morogoro. Nikujibu bila kukuzungusha: kazi zipo, ila si kwa wingi wanaousimulia huko kwenu, na nyingi si zile unazozifikiria.

Wingi unaosimuliwa ni wa miaka ya nyuma. Mkoa huu umekuwa wa mashirika kwa sababu ya mpaka na wakimbizi wanaouvuka. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, ikakaa miaka karibu ishirini ikiwa kambi ya kawaida tu. Halafu 2015 Burundi ikachafuka, watu wakamiminika, Nduta ikafunguliwa upya mwaka huo huo na Mtendeli mwanzoni mwa 2016. Hapo ndipo ungeona Kibondo na Kakonko! Magari meupe yenye antena ndefu kila kona, vijana wa vyuo wanashuka na mabegi, na mwenye chumba kimoja cha kupangisha anajiita tajiri. Kumbuka lakini kwamba Mtendeli ilifungwa 2021, na Warundi wamekuwa wakirudishwa kwao tangu 2017. Kambi ikifungwa, mwalimu wa kambi, nesi wa kambi, dereva na mlinzi wote wanarudi mtaani kwa mkupuo.

Halafu likaja la 2025. Januari ile rais wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kabla siku hazijatimia watu wakawa wameshapewa barua za kuachishwa kazi. Kufikia Julai 1 USAID yenyewe, shirika lao la misaada, haikuwa tena na miradi ya kuendesha. Hapa mtaani kwangu palikuwa na afisa lishe, mtu wa ufuatiliaji na tathmini, na dereva aliyezoeleka na kila mtu. Wote walikuwa wameondoka kabla ya mvua za masika kuisha. Mama ntilie wa pale karibu na ofisi za mashirika alipunguza sufuria. Sikutishi, nakueleza ili ujue kwamba nafasi moja ikitangazwa sasa hivi, unashindana na watu waliokwisha kuifanya kazi hiyo hiyo, wanaojua fomu zake kwa moyo.

Jambo ambalo watu wa nje hawalielewi ni kwamba shirika lenyewe mara nyingi halina kazi ya kukupa. Kazi ni ya mradi. Mfadhili ametoa fedha za maji kwa miaka miwili, basi fundi wa maji, afisa wa usafi na mhasibu wao wana mkataba wa miaka miwili, na mara nyingi huandikwa wa mwaka mmoja mmoja. Fedha zikikatika leo, nembo kwenye geti inabaki, wewe unaondoka. Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, swali la kuuliza ni hili: mradi huu umeanza lini na unaisha lini? Wengine wanaogopa kuuliza wasionekane wajuaji. Uliza, shoga yangu. Kuna watu wamehama na familia nzima kuja kushika nafasi iliyobakiza robo mwaka.

Na kambini kwenyewe, kazi nyingi za kila siku hazifanywi na sisi. Mhamasishaji anayepita nyumba kwa nyumba, mkalimani, msaidizi wa darasani, huyo ni mkimbizi mwenyewe, analipwa motisha, kiasi kidogo sana, kwa sababu hana ruhusa ya kuajiriwa kama wewe na mimi. Mtanzania anaajiriwa kusimamia, au kwa taaluma: mganga, muuguzi, mhandisi, mhasibu, mtu wa ghala. Ndiyo maana yule mhitimu anayesema "nafanya chochote" anakosa, kwani hicho chochote kina wenyewe tayari. Tena matangazo mengi yanataka mtu anayejua Kirundi au Kiha, lugha ambazo wenyewe wanaelewana bila mkalimani. Wewe Mluguru hapo umeachwa mlangoni, labda upangiwe kwa Wakongo wa Nyarugusu, maana wao Kiswahili chao utakielewa, hata kama mwanzoni kitakuchekesha.

Sasa wasifu wako. Nimeusoma mara ya kwanza nikauweka chini, nikausoma tena. Mama Nasra, umejaza ukurasa mzima kuhusu shahada ya sosholojia, semina ya jinsia ya chuoni na "uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo". Halafu kule mwisho kabisa, mstari mmoja: "mtunza hesabu, SACCOS." Miaka yote ile kwenye chama chenu cha kuweka na kukopa umepokea hisa, umekagua dhamana, umefukuzana na wadaiwa sugu na kukaa na wakaguzi, leo unaificha kama mimba ya shuleni?

Huko ndiko uliko utajiri wako. Nenda mradi wowote huku, uwe wa kilimo, wa lishe, wa kuhifadhi msitu au wa wanawake waliopigwa na waume zao, mwisho wa siku utakuta kikundi cha kuweka na kukopa chini ya mwembe, sanduku la kufuli tatu na mama mmoja ameshika daftari. Mtindo huo shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991, na sasa karibu kila shirika linautumia kwa jina lake. Tatizo lao ni kwamba wanawaajiri wasomi wa maendeleo kusimamia vikundi, na msomi akikuta daftari halilingani na fedha za sandukuni anaanza kutoa mada ya uwazi na uwajibikaji. Wewe ungekaa na yule mama mpaka shilingi iliyopotea ionekane. Liandike hilo. Andika SACCOS ilikuwa na wanachama wangapi, mikopo kiasi gani ilipita mikononi mwako, na marejesho yalikuwaje. Semina ya jinsia iteremshe chini, au ifute kabisa.

Na usidharau nafasi ya msaidizi wa hesabu. Masurufu, yaani fedha anazotangulizwa mtu kwa kazi, yasiporejeshwa kwa wakati yanaua miradi kuliko mvua. Afisa anakwenda kijijini na fedha za mkutano, anarudi na karatasi zisizo na sahihi na risiti isiyo ya EFD, ile mashine ya kodi, mkaguzi akifika ni kilio. Mtu anayejua kumkatalia bosi hati ya malipo kwa upole hakai bila kazi.

Usiitazame kambi peke yake pia. Hapa ndipo naona wageni wanapopotea zaidi, wanaifuata nembo kubwa. Tazama mashirika ya dini. Kabanga hapa Kasulu ni hospitali ya Wakatoliki, Heri kule Buhigwe ni ya Wasabato, na Waanglikana makao ya dayosisi yao ya Western Tanganyika yako hapa hapa Kasulu. Mshahara wao ni mdogo, sitakudanganya, na kwenye usaili unaweza kuulizwa unaabudu wapi. Lakini hospitali haifungwi kwa sababu mradi umeisha. TCRS nayo, ile huduma ya Walutheri kwa wakimbizi, iko nchini tangu 1964, imeona mashirika mangapi yakija na kuondoka.

Ukishuka kando ya Ziwa Tanganyika mambo ni mengine kabisa. Huko ni uhifadhi. Taasisi ya Jane Goodall ilianza mradi wake wa vijiji, TACARE, mwaka 1994, baada ya kuona vilima vinavyozunguka hifadhi ya Gombe vimebaki vipara kwa sababu watu wanahitaji kuni na shamba. Mwenyewe bibi Goodall, yule mtafiti wa sokwe, alifariki Oktoba 2025, lakini kazi za aina ile zinaendelea: miche, ramani za matumizi ya ardhi, vijana wa vijijini wanaopita msituni na simu wakirekodi miti iliyokatwa. Na kusini, upande wa milima ya Mahale, kuna mradi wa Tuungane, unaochanganya uvuvi, msitu na uzazi wa mpango. Nafasi hizi kwako ni mbali na Kibondo, najua, na Baba Nasra hatakubali. Nazitaja kwa ajili ya mdogo wako aliyesomea misitu pale SUA, chuo cha kilimo cha Sokoine. Mwambie aache kusubiri ajira ya serikali amekaa tu, ajitolee hata msimu mmoja. Wengi ninaowafahamu walianza hivyo.

Mshahara. Utaona kwenye mkataba tarakimu nono, moyo udunde. Hiyo ni ghafi. Toa asilimia 10 yako ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, toa kodi, na kama Bodi ya Mikopo ya wanafunzi bado inakudai, toa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hivi deni lako lilikwisha? Maana mimi bado wananikata. Hakikisha pia mwajiri anapeleka michango yake kweli. Ingia uangalie salio, usisubiri siku ya mwisho. Kuna fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita, ila lazima uwe umechangia miezi 18 na uwe umeachishwa, si umeacha mwenyewe. Wenzangu wa 2025 waliojua hilo walipumua kidogo.

Sasa la aibu, na nalisema kwa sababu utaletewa. Atatokea mtu, pengine jirani mwema kabisa, aseme ana ndugu ndani ya shirika, toa laki mbili za "fomu" au za vipimo vya afya. Usitoe hata mia. Shirika la kweli halimtozi mwombaji kazi. Na yule anayetaka mkutane jioni gesti "tujadili nafasi yako", hiyo ni rushwa ya ngono, imo kwenye sheria ya kupambana na rushwa ya 2007, ile ya TAKUKURU, na mashirika makubwa yana namba za kuripoti zimebandikwa ukutani. Binti mmoja niliyemfahamu aliripoti, mtu yule akaondolewa, na binti hakupata ile kazi. Nakuambia yote mawili ili usije ukasema niliyapamba mambo.

Jina la shirika usilolijua, lihakiki kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, au uliza kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, anayajua yote na madeni yake. Matangazo yapo kwenye tovuti ya ReliefWeb na kwenye tovuti zao, lakini nafasi za chini, kama karani wa ghala au msimamizi wa vikundi, hubandikwa kwenye ubao wa halmashauri na wa ofisi ya kata, na muda wa kuomba ni mfupi. Ndiyo faida ya kuishi huku, utaziona. Ukiitwa utapewa mtihani wa kuandika kwanza, na kwa nafasi za fedha utakaa mbele ya kompyuta na jedwali lenye makosa. Fanya mazoezi ya Excel kuanzia leo. Wengi huangushwa hapo, wala si kwenye Kiingereza.

Ushauri wangu basi: msihame wote kwa kutegemea kazi yako. Hameni kwa mshahara wa Baba Nasra, ile huduma yako ya miamala ya simu uje nayo, Kibondo itazunguka tu, na maombi tuyatume ukiwa huku huku. Jifunze na Kiha. Ukianza na "mwakeye" asubuhi sokoni, hata bei ya maharage inashuka.

Nirudishie wasifu ukiwa umeuandika upya, SACCOS juu, kurasa mbili zisizidi. Kuna nafasi ya msaidizi wa fedha nimesikia itatangazwa, si kwetu, kwa majirani. Sikuahidi chochote, nitakupigia nikiiona ubaoni. Na mwambie shemeji asilipe kodi ya nyumba ya mwaka mzima kabla sijapanda Kibondo kuiona. Katika picha aliyotumiwa na dalali, ukuta wa nyuma umepigwa rangi jana.

Msalimie mama, na Nasra mpe biskuti yake.

Ni mimi, mwenzako wa chumba cha Mabibo