Barua kwa mwanangu kuhusu stempu ya N.F.

Tukuyu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia pamoja na picha ya stempu unayotaka kuinunua huko Iringa, yenye kichwa cha Mfalme George wa Tano na herufi nyeusi N.F. Nakuomba usitoe fedha kwanza.

Herufi hizo mbili, kifupi cha Kiingereza cha jeshi la Nyasaland (Nyasaland Force), zinatuhusu sisi wa nyanda za juu kuliko mtu yeyote. Mwezi Mei 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo, likaitwaa Tukuyu yetu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, na mwishoni mwa Agosti likaingia huko Iringa uliko. Kwa posta ya jeshi hilo zilichukuliwa stempu za kawaida za Nyasaland, za thamani tano tu, kuanzia nusu peni hadi shilingi moja, zikapigwa chapa ya N.F. Mafia na Kigoma nako kulikuwa na stempu zao za uvamizi, ila moyo wangu uko kwenye hizi.

Shida ni kwamba stempu ya Nyasaland isiyo na chapa hupatikana kwa bei ndogo, na mwenye nia mbaya huweza kuiongezea herufi mbili kwa urahisi. Chukua lenzi, usogee dirishani penye mwanga, utazame mahali muhuri wa posta unapokutana na herufi: wino wa muhuri unapaswa kupita juu ya herufi, kwa sababu chapa ilitangulia na barua ikagongwa muhuri baadaye. Kisha usome tarehe. Mimi niliuziwa moja na mchuuzi ambaye nilimwamini, nikafurahi nayo wiki nzima, hadi jioni moja niliposoma muhuri wake nikakuta 1914, miaka miwili kabla askari hao hawajafika hapa.

Tena, kama imebandikwa kwenye bahasha, usithubutu kuiloweka. Niliwahi kubandua stempu ya namna hiyo kwa maji ya vuguvugu, nikabaki na nusu ya muhuri na nusu ya jina la mji, na hadi leo sijui barua ile ilitumwa kutoka wapi.

Nipigie picha nyingine ya karibu, muhuri uonekane wote.

Ni mimi baba yako.