Mgonjwa akisema "sivuti", muulize tena

Wanangu mnaosomea uuguzi na utabibu,

Nawasalimu. Mimi nimeshastaafu. Miaka yangu ya mwisho kazini niliimalizia kliniki ya kifua kikuu mkoani Tabora, huko ambako tumbaku imeezeka bati nyumba nyingi na kulipa ada za watoto wengi. Kwa hiyo sitawahubiria ubaya wake. Mgonjwa naye anaujua, umeandikwa kwenye pakiti anayoisukumia mfukoni akiwaona.

Kinachonikera ni kwamba mnafundishwa kuuliza, hamfundishwi kuendelea. "Anavuta sigara?" Mnaandika ndiyo au hapana, mnageukia presha.

Na swali lenyewe lina tundu. Kuna bibi nilimuuliza mwaka mzima, kila mara jibu ni "sivuti, mwanangu." Hakusema uongo. Siku alipofungua kinywa nimtazame jino, nikaukuta ugoro umetulia chini ya mdomo. Basi ulizeni hivi: unatumia tumbaku ya namna yoyote, ya kuvuta, ya kunusa, ya kubwia, au shisha?

Akikubali, mpeni la pili: ukiamka, sigara ya kwanza unaiwasha baada ya muda gani? Anayewasha kabla dakika 5 hazijaisha, uso haujanawa, nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu ashindwe kuiacha, imemkamata kuliko anayengoja chai ya saa nne. Huyo msimwambie "jikaze" mkamwacha aende. Jojo na plasta za nikotini, zinazopunguza hamu ya sigara wakati mtu anaacha, zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Ulizeni famasia ya hospitali yenu kama zipo, na msichoke kuuliza. Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007, na kifungu cha 14 kinadai watu wasaidiwe kuacha.

Nami nilikosea. Kijana wa kifua kikuu nilimkuta akivuta getini, nikamfokea mbele ya foleni nzima. Sigara hakuacha, aliacha kliniki. Dawa zake zikabaki kabatini, na mimi ndiye niliyekuwa na funguo.

Tangu siku hiyo mtu namkalisha pembeni. Dakika 3 tu. Unataka kuacha? Lini? Tarehe anaitaja yeye, mimi naiandika kwenye kadi yake. Siku ya tatu baada ya tarehe hiyo nampigia simu, maana hapo ndipo arosto inapouma: hasira za bure, usingizi umekimbia, vidole vinatafuta kitu cha kushika. Nikiwa nimemweleza mapema kwamba hali hiyo hupungua baada ya wiki chache, hadhani amepata ugonjwa mwingine. Akiteleza akavuta, hatugombani, tunapanga tarehe nyingine. Wengi huteleza mara kadhaa kabla hawajaacha moja kwa moja.

Haya hayaingii kwa slaidi. Waombeni walimu wenu muda wa kujaribishana wenyewe kwa wenyewe, mmoja awe mgonjwa mkaidi, na awe mkaidi kweli.

Halafu kuna nyinyi mnaojibanza nyuma ya jengo la kufulia wakati wa mapumziko. Harufu yenu naijua, na mgonjwa mnayemwinamia kumsikiliza kifua anaijua pia. Siwafokei, kufoka nilishakoma. Niambieni tu: tarehe ngapi?

Bibi yenu, muuguzi mstaafu