Maombi yaendelee, vidonge visitupwe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na makundi mawili: wanaodai kifafa ni mapepo, na wasomi wetu wanaowacheka. Kabla ya kustaafu nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ya afya ya akili hapa Kigoma, na yote mawili yamenichosha.

Wengi wakisikia kifafa wanafikiria mtu aliyeanguka, anatupa miguu, povu linamtoka. Kipo kingine kisichomwangusha mtu. Kinaanzia sehemu ya ubongo iliyo ubavuni mwa kichwa, usawa wa sikio, inayohusika na kumbukumbu na hisia. Kijana mmoja wa Kibirizi, mvuvi wa dagaa, alikuwa ananyamaza ghafla katikati ya mazungumzo. Macho yanakodoka, mdomo unatafuna hewa, vidole vinachezea kifungo cha shati. Dakika moja, mbili, kimekwisha. Akizinduka anasimulia kuwa kitu kimempanda toka tumboni hadi kooni, amesikia harufu ya mpira unaoungua, kisha imemjia furaha asiyoweza kuieleza, na Mungu alikuwa naye palepale mtumbwini. Nyumbani alijaza madaftari kwa maonyo na maandiko, hadi pembezoni mwa kurasa. Nusu ya mtaa wakamwita nabii, nusu wakasema ana jini. Hospitali hakuna aliyeitaja.

Madaktari wanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1970, Dewhurst na Beard wa Uingereza waliandika habari za wagonjwa sita wa kifafa cha namna hii walioongoka ghafla. Mwaka 1975, Waxman na Geschwind wa Marekani wakaeleza wagonjwa ambao hata siku kifafa hakijawashika walizama katika dini na kuandika bila kuchoka. Dostoevsky, mwandishi Mrusi aliyeugua kifafa, naye alisimulia furaha kuu iliyotangulia kuanguka kwake. Lakini wasomi wangu wasikimbilie kupiga makofi. Watafiti waliofuata wamebishana sana kuhusu jambo hilo, na wagonjwa wengi wa kifafa hiki hawaoni malaika wala hawasikii sauti. Kati ya hisia zinazowajia, hofu ndiyo ya mara nyingi. Anayetangaza kijiweni kwamba manabii wote walikuwa na kifafa anasema asichokijua. Kipimo cha ubongo kinaonyesha umeme ulivyokwenda kombo, basi. Mungu hakimpimi.

Sasa nije kwa wahubiri. Kijana yule hatimaye alianza dawa na akatulia. Kwenye mkesha mmoja mama yake akaambiwa kumeza vidonge ni kukosa imani, naye, kwa uchungu wa mzazi, akavimwaga chooni. Haikuchukua muda kifafa kikamshika mfululizo, kimoja hakijaisha kingine kimeingia, akaletwa hajitambui. Fenobabitali, dawa ya kifafa, ikikatwa ghafla inaweza kuleta hayo, uwe na imani au usiwe nayo. Alipona, namshukuru Mungu, na sioni haya kulisema hilo. (Waganga wa chale na mafusho nao wasichekelee, maana wagonjwa waliopitia kwao nimewauguza pia.)

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kushikwa wakipata tiba inayofaa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Dawa zenyewe ni za siku nyingi na si za bei kubwa, na anayezikatisha ni mtu anayeheshimiwa na familia kuliko daktari.

Wachungaji na masheikh, sikuombeni mnyamaze. Mwekeeni mikono, msomeeni dua, aliyebanwa na maradhi anahitaji watu wake. Ila mkimaliza mwulizeni mama yake vidonge vimebaki vingapi na kliniki ni lini. Mkiona muumini anapata maono yaleyale kila mara, ya dakika moja au mbili, huku akitafuna mate na asikumbuke nani alimwita, mpelekeni akapimwe. Maono ya kweli hayatadhurika kwa kupimwa.

Na wenye mitumbwi: kijana ambaye kifafa chake hakijatulia msimpandishe ziwani usiku, hata akiapa kuwa ni mzima. Mpeni kazi ya kuanika dagaa mwaloni, na mlipeni kama wenzake.

Muuguzi mstaafu,
Ujiji, Kigoma